Murderbot: roboti mulinzi mwenye anataka tu wamuache aangalie seri zake

Nianze na wenye wanapenda filme za vita: kama unatafuta meli zenye zinapigana mizinga angani kila dakika tano, hii seri haiko yako, usipoteze mega zako bure. Jina linaogopesha, Murderbot, unasikia unawaza damu, lakini ni kichekesho, tena kichekesho chenyewe hakiko cha kelele, ni cha mutu mwenye amechoka na watu.

Iko ya Apple TV (wakati ule iliitwa Apple TV+), ilianza tarehe 16 mwezi wa tano 2025 na epizodi mbili mara moja, kisha moja moja kila siku ya tano mpaka mwezi wa saba, zote ni 10. Hapa Lubumbashi wengi tulingoja iishe kwanza njo tukaanza, juu kungoja wiki nzima kwa epizodi ya dakika ishirini na kitu, na forfe ya intaneti unajua vile inakulaka pesa, hapana.

Bon, hadithi iko hivi. Makampuni makubwa njo yanatawala sehemu moja ya anga, inaitwa Corporation Rim, kule kila kitu ni mukataba na bima. Watafiti wachache wenye hawatoke ku yale makampuni wanataka kwenda kuchunguza sayari, wanaambiwa hamushuki bila roboti ya ulinzi. Wao roho inawauma, juu ile roboti ni nusu mashine nusu nyama ya mutu, kuikodi wanaona ni utumwa, lakini sharti ni sharti, basi wanachukua ya bei ya chini, ya okazio, yenye ilisharekebishwa. Na ile ya okazio njo ilishavunja kwa siri kile kidude cha ndani ya kichwa chenye kilikuwa kinailazimisha kutii. Iko huru! Inaweza kuua wote, inaweza kukimbia, hakuna mwenye atajua. Sasa ule uhuru wote anaufanyia nini? Anaangalia novela.

Hapo njo walinipata.

Mutu wa Lubumbashi hawezi kuangalia hii seri bila kumuwaza sentineli wa lupango. Yule mwenye anaikalaka ku mulango na telefone, ekuteri moja ndani ya sikio, ukipiga klakso anakuja mbio, anafungua, "bonjour patron", uso umenyooka, lakini wewe mwenyewe unajua roho yake imebaki kule ku epizodi na umemukatia pahali patamu. Murderbot ni yeye kabisa. Tunamusikia akiongea ndani ya kichwa chake, sisi tu, wale watafiti hawasikie kitu: wanamuuliza habari, kinywa kinajibu na adabu yote, ndani anawachambua mumoja mumoja. Waajiri wabaya alishawazoea, mwanzo kabisa wa epizodi ya kwanza iko kazini ku mugodi na wachimbaji wanamuchezea vile wanataka. Wenye wanamutesa kabisa ni hawa wazuri, hawa wenye wanataka akae nao, wamuulize anajisikia namna gani, wamuangalie macho kwa macho. Epizodi ya pili inaitwa Eye Contact, na kuna Gurathin (David Dastmalchian njo anamucheza), mutu mwenye alitiwa vidude vya kompyuta mu mwili, anamushuku tangu mwanzo, sasa anamulazimisha amuangalie ndani ya macho. Alexander Skarsgård, mwenye anacheza Murderbot, na ule urefu wake wote, hajui pa kuweka macho. Uso haufanyi kitu, hakuna kicheko, hakuna ukali, na wewe ku kiti unakufa. Kuchekesha na uso wenye haucheze ni kazi nguvu sana, sikujua ule Skarsgård aliiweza.

Sasa ile novela yenyewe. Inaitwa The Rise and Fall of Sanctuary Moon, iko na epizodi zaidi ya 2,000, na watengenezaji, ndugu wawili Chris na Paul Weitz, hawakutuambia tu habari zake, wanatuonyesha vipande: rangi kali, nywele za ajabu, mapenzi ya kutangaza kwa sauti kubwa, na John Cho njo kapteni. Kila kitu Murderbot anajua juu ya wanadamu alikitoa humo. Epizodi ya kwanza munyama mukubwa anatoka chini ya udongo, mumoja amejeruhiwa, mwenzake ameganda na woga hawezi kutembea. Murderbot anafungua ile kofia yake, anaonyesha uso, anaanza kumutuliza na maneno ya upole sana, maneno yenye ameyatoa moja kwa moja ku novela. Na yanafanya kazi! Yaya yangu, mwenye novela za Kihindi na za Mexico hazimupitake, alisimama akapiga makofi: "Munaona? Munasemaka novela haifundishake kitu!" Kuanzia pale hakuna mutu alishika tena telekomandi.

Kiongozi wa watafiti ni Mensah, anachezwa na Noma Dumezweni, alizaliwa Eswatini, wazazi wa Afrika Kusini. Nilimupenda mingi. Ni rais wa watu wake, na anashuka yeye mwenyewe ku kazi ya kuchunguza udongo (rais mwenye anashuka mwenyewe, hapo njo nilijua kweli hii ni hadithi ya kubuni). Mara zingine woga unamushika mpaka pumzi inapotea, lakini akisimama mbele ya wenzake uamuzi anaukamata. Hawa watu wake nao wana tabia ya kushikana mikono na kujadiliana mpaka wote wakubali, hata wakati hatari iko ku mulango, na mulinzi wao pembeni anawaangalia tu. Kidogo ilizidi, mie ningekata kimoja ao viwili vya vile vikao.

Kuna pahali kichekesho kinauma, na naona mutu wa mji wa shaba atapasikia haraka kuliko wengine. Wale watafiti wamelipa haki ya kuchunguza, wako na makaratasi yote, lakini ramani yenye walipewa iko na nafasi tupu, haionyeshe kila kitu, kuna wengine wenye wanajua zaidi juu ya kile kiko chini ya udongo na wanataka kukichukua kimya kimya. Mwenye anaishi karibu na mashimo ya shaba na kobalti hauna lazima ya kumuelezea mara mbili. Mudogo wangu alisema tu "eh, hata kule juu?" na akaendelea kukula karanga.

Kuangalia na familia, mufikirie kwanza. Roboti anaonyeshwa uchi, na vile ni roboti hapo chini hakuna kitu, laini tu, mama akapiga kelele "Mumuvalishe huyu mutoto!" Lakini hiyo bado ni ndogo. Watafiti watatu wako mu mapenzi yao ya watu watatu, na mukataba juu yake, na Murderbot analazimishwa kuyasikiliza na anachukia sana. Sisi pia, mama akiwa pale, kila mutu ghafla akakumbuka ana kiu ya maji. Watoto wadogo waende kulala.

Juu ya watazamaji wengine: tulibishana mingi. Kozeni wangu alishasoma kitabu cha Martha Wells cha 2017, kile seri ilitoka humo, kilichukua Hugo na Nebula, zawadi kubwa za hadithi za namna hii, yeye hakufurahi juu mu kitabu Murderbot haiko mwanaume haiko mwanamke, na hapa wametuletea mwanaume murefu wa Sweden. Namusikia, ana haki, lakini mie sikusoma, kwangu ule uso wa Skarsgård wenye hautaki kuwa uso wa mutu yeyote ulinitosha. Rafiki mumoja wa Kampemba yeye hakumaliza hata epizodi ya tatu, alitaka mizinga. Wengine walisema haichekeshe, ni huzuni. Naona wote wako sawa, kuna saa unacheka kisha unajiuliza unacheka nini, juu kitu chenye kinaendelea pale ni mutu mwenye ni mali ya kampuni na anaogopa wakimugundua watamuharibu.

Malalamiko yangu kabisa ni urefu. Unakaa vizuri, chai iko bado ya moto, tayari imeisha, tena imeisha pahali mutu ameshika bunduki. Ukiangalia tatu mufululizo ni sawa, moja moja ni kujitesa. Na katikati, epizodi ya tano ao ya sita, hadithi inatembea polepole, inazunguka.

Luga: tulianza na Kifaransa, wazee waelewe, lakini ile sauti ya ndani ya Murderbot kwa Kifaransa iliniboa, inaongea sawa mutu wa kusoma habari. Nikaweka Kiingereza na maandishi ya Kifaransa chini, ikabadilika kabisa, ule uchovu wake unausikia. Wazee walilalamika kidogo, kisha wakazoea.

Mwisho wa sezoni siusemi, ila mutegemee Gurathin kuliko vile munawaza. Sezoni ya pili Apple walishaitangaza mwezi wa saba 2025, kabla hata epizodi ya 10 itoke. Naipatia 8 juu ya 10. Yaya anaipatia 10, lakini sasa ananisumbua kila siku nimutafutie ile Sanctuary Moon yenyewe, epizodi zote, nimutilie ku flash. Namuambia yaya, haiko, waliibuni tu ya mule ndani. Anasema ninaficha.