Mti wa Nakayima, Mubende: pandeni, lakini vueni viatu

Ukisafiri kutoka Kampala kwenda Fort Portal kwa njia ya Mityana, usiipite Mubende bila kupanda mlima wake. Kilomita kama 4 kutoka mjini umesimama mti wa Nakayima, na hadi leo watu huupandia na maradhi, ugumba na biashara zilizokwama.

Una urefu wa mita 40 hivi, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka 400. Mizizi imeinuka juu ya ardhi ikawa kuta, na kati ya kuta hizo mna vijumba vyenye wenyewe, yaani mizimu inayoombwa hapa: Ndahura, Mukasa wa ziwa, Kiwanuka wa radi, Nabuzana anayeombwa na wajawazito. Bibi aliyekuwa akichochea moto alinizungusha taratibu wala hakunidai hela kila hatua. Nilimwita jajja, yaani bibi kwa Kiganda, akaniita mwanangu. Tuliongea Kiswahili, alichojifunza kwa marehemu mumewe aliyekuwa mwanajeshi.

Mimi ni muuguzi wa chanjo, kwa hiyo masikio yalinisimama alipofika kwenye ndui. Ndahura ndiye mwenye ndui, na Nakayima lilikuwa jina la cheo cha kuhani wake wa kike. Ugonjwa ukiingia vijijini, walimkimbilia yeye. Nakayima wa mwisho, Nyanjara, alifariki mwaka 1907. Ndui yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na kilichoimaliza ni chanjo. Niliwafikiria akina mama waliopanda hapa na watoto waliojaa malengelenge, wasiokuwa na zahanati wala sindano. Siwezi kuwadharau. Nikamuuliza jajja kuhusu wanaomeza dawa kila siku, wa kisukari na wa UKIMWI. Akasema wakija kwake huwaambia wasiache vidonge, waje navyo. Jibu hilo lilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote mlimani.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya wageni wanaoacha chupa za plastiki kwenye mizizi na kuwapiga picha watu waliopiga magoti. Mtu anayelilia mtoto si mandhari. Omba ruhusa kwanza, na ukikataliwa weka simu mfukoni.

Beba buni za kahawa na sarafu za kuweka, hata kama huombi chochote. Bei ya bodaboda ipatane mjini, ya kwenda na kurudi, na mwambie akusubiri. Mvua ikinyesha barabara huteleza vibaya, hasa wakati wa kushuka.