Baiskeli ya mlima ya umeme mjini Goma: vifaa gani vinunuliwe kwanza

Watazamaji wapendwa, karibuni. Juu ya meza hii nimepanga vifaa ambavyo wenye baiskeli za mlima za umeme hupenda kuvinunua baada ya kuipata baiskeli yenyewe, na leo nitavichambua kwa kuzingatia barabara za Goma, kwa sababu kifaa kinachosifiwa katika misitu ya Ulaya kinaweza kuwa hasara tupu hapa Himbi au Ndosho. Msimamo wangu nautaja mapema ili kila mmoja aupime anaponisikiliza: fedha za kwanza ziende kwenye tairi, zinazofuata ziende kwenye breki, kisha mnyororo. Vifaa vya kuongeza mwendo na masafa visubiri, na kimojawapo nitawashauri msikinunue kabisa.

Tuanze na tairi, na hapa nitakaa kwa muda mrefu. Mji wetu umejengwa juu ya lava, yaani mawe yaliyomwagwa yakiwa yameyeyuka na volkano ya Nyiragongo. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembezoni mwa mji. Barabara nyingi za mitaa zimechongwa juu ya mawe hayo au zimejazwa vipande vyake, na jiwe la lava halilainiki upesi kama kokoto ya mtoni. Lina vitundu, na kila linapovunjika hutoa ukingo mpya unaokata kama chupa iliyopasuka. Wasukuma chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, walilielewa jambo hili zamani, ndiyo maana gurudumu la mbao la chukudu huvishwa mpira wa tairi kuukuu.

Sasa fikirini uzito. Baiskeli ya aina hii kwa kawaida ina kilo 22 hadi 25 kabla mtu hajaipanda, na mota ya katikati kama Shimano EP8 hutoa msokoto wa hadi nyutoni-mita 85, yaani gurudumu la nyuma husukumwa dhidi ya jiwe kwa nguvu ambayo mguu peke yake usingeifikia. Tazameni tairi hii niliyoitoa kwenye gurudumu la nyuma. Meno yake ya katikati bado ni marefu, mtu angesema ina miezi mingi mbele yake. Lakini nikiigeuza ubavu, mnaona hapa, chini kidogo ya maandishi, pana mkato wenye urefu wa ukucha wa kidole gumba, na nyuzi za kitambaa zimetokeza nje. Tairi hufia ubavuni mjini kwetu, kwa hiyo anayechagua tairi kwa kuangalia meno peke yake anaangalia mahali pasipostahili.

Kinachopaswa kusomwa ni jina la kitambaa. Kampuni ya Maxxis huyaita matabaka yake EXO, EXO+, DoubleDown na DH, kuanzia jepesi hadi zito. Schwalbe hutumia majina kama Super Trail na Super Gravity. Baiskeli nyingi hutoka dukani zikiwa na tabaka jepesi kwa sababu muuzaji anataka uzito upungue kwenye karatasi. Kwa gurudumu la nyuma mimi napendekeza DoubleDown au Super Gravity bila kusita, na kwa la mbele EXO+ au Super Trail inatosha. Tairi nzito namna hiyo inaweza kupita kilo moja na kuongeza gramu 200 au zaidi, jambo ambalo mwendesha baiskeli ya kawaida angelihisi katika kila kilima, lakini mota inalibeba bila manung'uniko. Msilipe fedha za ziada kwa sababu ya alama ya E-50 iliyoandikwa ubavuni: alama hiyo inahusu kuidhinishwa kwa mwendo wa hadi kilomita 50 kwa saa, wala haisemi lolote kuhusu mawe.

Pamoja na tairi, wekeni utomvu wa kuzibia badala ya mpira wa ndani, ikiwa rimu inaruhusu. Tairi ya inchi 29 yenye upana wa 2.4 huhitaji takriban mililita 100 hadi 120, na utomvu huo hukauka ndani ya miezi michache, hivyo chupa moja haitoshi kwa mwaka. Huziba tundu dogo la msumari au mwiba mara moja. Mkato wa ubavuni hauzibi. Kwa ajili ya mkato huo bebeni nyuzi nene za kuchomeka na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka kwa ndani, pamoja na mpira wa ndani mmoja wa akiba. Kuna kitu kingine kidogo sana ambacho wengi hukisahau, nacho ni hiki cha shaba ninachokishika kati ya vidole viwili: kigeuzi cha vali. Rimu hizi hutumia vali nyembamba ya Presta, ilhali pampu za mafundi wetu wengi zimeandaliwa kwa vali ya gari na pikipiki. Bila kigeuzi hiki, mtu anaweza kuzungukwa na pampu tatu pale Birere na bado akasukuma baiskeli hadi nyumbani.

Kuhusu upepo, msikubali fundi ajaze mpaka tairi iwe ngumu kama ya pikipiki. Mtu wa kilo 80 anaweza kuanzia bar 1.7 mbele na 1.9 nyuma, kisha akarekebisha kwa kuangalia kama rimu inagonga mawe. Tairi iliyojaa kupita kiasi haiukwepi ukingo wa jiwe, inaupokea wote.

Nihamie kwenye breki. Mtu anayeteremka kutoka Kibumba kuja mjini anateremka kwa muda mrefu, na kilo hizo zote zinategemea vipande viwili vya chuma. Kama baiskeli yenu ilikuja na diski za milimita 180 na kalipa (vibanio vinavyobana diski) za pistoni mbili, kuweka diski za milimita 203 na kalipa za pistoni nne ndilo badiliko nitakalolitetea mbele ya yeyote, mradi uma na fremu viwe vimeruhusiwa kubeba ukubwa huo. Hilo husomwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, haliamuliwi kwa kukadiria. Diski yenye unene wa milimita 1.8 hubadilishwa inapofikia 1.5, na pedi za Shimano hubadilishwa nyenzo inayosugua inapobaki milimita 0.5. Hizi mbili mnazoziona pamoja zinaonyesha tofauti: ya kushoto ni mpya, ya kulia imebaki unene wa karatasi ngumu, na chuma cha nyuma kimeanza kung'aa pembeni.

Kwa vumbi na mvua za hapa napendelea pedi za chembe za chuma kuliko zile laini za rezini. Hudumu zaidi zinapolowa na kupata mchanga, ingawa hupiga kelele na hupeleka joto zaidi kwenye mafuta ya breki. Lakini kabla ya kununua, someni diski yenyewe, kwa sababu baadhi ya diski za bei nafuu zimegongwa maandishi yanayosema ni za rezini peke yake, na pedi za chuma huzila haraka.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili linaua breki nzima. Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Katika maduka ya vipuri vya magari mjini, kinachopatikana kwa urahisi ni DOT 3 au DOT 4, yaani mafuta ya breki za magari. Mafuta ya madini na DOT havibadilishani. DOT ikiingia kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani huvimba na kuharibika, na kuisafisha hakutaiponya. Anayeagiza breki aagize na chupa ya mafuta yake pamoja na kifaa cha kutolea hewa, tena abandike karatasi kwenye fremu akimwandikia fundi ni mafuta gani yanayotakiwa.

Mnyororo hauna hadithi ndefu, ila una gharama ndefu. Vumbi la lava likichanganyika na mafuta mazito ya injini hugeuka kuwa msasa, kwa hiyo pakeni mafuta mepesi ya mnyororo kidogo kidogo na kufuta yanayobaki nje. Nunueni kipimo cha uchakavu. Ni kibati tu, hakina bei kubwa. Mnyororo wa gia 11 au 12 ukirefuka kwa asilimia 0.5, utoeni, la sivyo utakula kaseti, yaani seti ya meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma, ambayo bei yake ni ya juu zaidi. Kaseti ikishaisha kabisa, fikirieni mfumo wa Shimano wa LINKGLIDE, ulioanza mwaka 2021 na ambao kampuni yenyewe inadai meno yake hudumu hadi mara tatu zaidi. Ni mzito, na kibadilisha gia pamoja na kitufe chake cha kwenye usukani lazima vibadilishwe kwa pamoja, lakini kwa mtu anayetumia baiskeli kila siku ya kazi naona faida yake ni ya kweli.

Sasa betri ya pili. Naelewa hamu yake, hasa kwa wanaoishi mitaa ambako umeme hukatika. Tatizo ni njia ya kuifikisha. Betri ya baiskeli kwa kawaida huwa na wati-saa 500 au zaidi, na mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri ya akiba ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, iwe mkononi au kwenye mizigo. Kwa hiyo ndugu anayerudi kupitia Kigali hawezi kukuletea kwenye sanduku. Inapaswa kuja kama shehena ya hatari, yenye hati zake. Kinachouzwa badala yake ni betri zilizoungwa na watu wasiojulikana, bila mfumo wa kulinda seli. Katika mji wenye nyumba nyingi za mbao zilizosongamana, sitampendekezea mtu yeyote betri kama hiyo. Tumieni fedha hizo kununua kidhibiti umeme kizuri kwa ajili ya chaja, chajini juu ya sakafu ya saruji au mawe mkiwa macho, na baiskeli ikikaa muda mrefu bila kutumika, iacheni betri kati ya asilimia 30 na 60.

Kile kifaa nilichosema msikinunue ni chipu ya kuondoa kikomo cha mwendo. Kwenye baiskeli za soko la Ulaya, mota huacha kusaidia baada ya kilomita 25 kwa saa. Chipu huondoa mpaka huo tu. Haiongezi nguvu kilimani. Anayepanda kuelekea Munigi hafikii mwendo huo hata kidogo, na anayeteremka haihitaji mota. Atapoteza dhamana ya mtengenezaji na kupata mwendo mkubwa mahali penye watoto, pikipiki na chukudu.

Madigadi marefu ya mbele nunueni kabla ya mvua za Septemba. Taa inayochota umeme kwenye betri ya baiskeli ni nzuri, ila ulizeni kwanza kama mota inatoa volti 6 au 12. Kishikilia simu naona hakina ulazima. Kuosha kwa pampu ya shinikizo au kuisukuma ziwani kama pikipiki kusiwepo kabisa, kwa sababu maji huingia kwenye beringi za mota.

La mwisho ni hiki kipande cha alumini, kishikio cha kibadilisha gia. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike ili fremu ipone, na jiwe moja linalogonga upande wa kulia linatosha. Kila fremu ilikuwa na chake, hadi kampuni ya SRAM ilipoleta mwaka 2019 kile cha UDH kinachoingia kwenye fremu za kampuni nyingi. Agizeni viwili, kimoja kikae ndani ya begi la zana. Na kama chenu ni UDH, mwambieni fundi kabla hajashika spana kwamba bolti yake hufunguka kwa kuizungusha kuelekea kulia.