Mama alipoomba kwenda uani: tathmini ya nyumba ya kutunzia wazee wenye dimensia nchini Uingereza

Mwaka 2024, kwa muda wa miezi mitano, mimi na dada yangu tulitembelea nyumba sita za kutunzia wazee katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza tukimtafutia mahali mama yetu, mzaliwa wa Unguja, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 81 na dimensia, maradhi yanayoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ya aina mbili kwa pamoja, yaani ugonjwa wa Alzheimer na ile inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Nyumba tuliyoichagua ina wakazi 38, na mama ameishi humo kwa zaidi ya mwaka sasa. Tathmini hii ni ya nyumba hiyo, ambayo naiacha bila jina pamoja na zile tulizozikataa, lakini kwa sehemu kubwa ni ya namna tulivyoichagua, kwa kuwa kigezo kilichotufaa kuliko vyote hakikuwemo katika orodha yoyote tuliyopewa.

Kigezo hicho tulikipata kwa uchungu. Kabla ya kuanza kutafuta mahali pa kudumu, dada alilazimika kufanyiwa upasuaji, na mama akapelekwa kwa wiki mbili katika nyumba nyingine ambayo ilikuwa safi, yenye harufu nzuri na daraja zuri la ukaguzi. Siku ya nne tukapigiwa simu kwamba mama anajaribu kutoroka. Katika daftari lake la kila siku ilikuwa imeandikwa kwamba kila jioni huuendea mlango wa nyuma, huung'ang'ania, na huwasukuma wahudumu wanapomrudisha kwenye kiti. Mara mbili alikutwa nguo zimelowa. Muuguzi aliyekuwa akipita kutoka kliniki alikuwa amekwisha kushauri daktari aulizwe kuhusu dawa ya kumtuliza. Wahudumu hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, kijana mpole, alinionyesha simu yake: alikuwa amerekodi neno ambalo mama alilirudia, programu ya tafsiri ikamwambia kwamba bibi huyu anataka bustani ya nyuma, naye akamvalisha koti na kumtembeza kwenye baridi ya mwezi Februari. Neno lenyewe lilikuwa "uani".

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Mama alikulia Ng'ambo, mitaa ya mji wa Unguja, katika nyumba ambayo choo kilikuwa uani, na mwanamke wa rika lake hatamki neno "choo" mbele ya kijana wa kiume asiyemjua. Alikuwa akiomba kwenda msalani kwa adabu aliyofunzwa, anaoneshwa maua, anarudishwa kitini, na alipojikojolea akaandikwa kuwa mkaidi. Nilikaa kwenye gari nje ya nyumba ile nikashindwa kuiwasha.

Naitaja dawa ya kutuliza kwa makusudi. Mwaka 2009 ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali ya Uingereza ilikadiria kwamba watu wenye dimensia wapatao 180,000 walikuwa wakipewa kwa mwaka dawa zilizokusudiwa kutibu magonjwa makubwa ya akili, kwamba waliopata nafuu ya maana kwazo hawakuzidi 36,000, na kwamba vifo vya ziada vilifikia kiasi cha 1,800 kila mwaka. Tangu hapo madaktari wamekuwa waangalifu zaidi, lakini dawa hizo hazijaondoka, na jambo linaloweza kumfikisha mzee kwenye dawa hizo mara nyingi ni sentensi mbili tatu katika daftari la zamu kama zile walizoandika kuhusu mama. Kila nyumba tuliyoitembelea baadaye niliiuliza ni wakazi wangapi wanatumia dawa za namna hiyo na lini ziliangaliwa upya mara ya mwisho. Nyumba mbili zilijibu papo hapo, moja ilifungua jalada, na nyingine tatu zilisema kwamba hilo ni suala la daktari. Vilevile niliuliza wanafanya nini mkazi anapochanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu kwa wazee badiliko la namna hiyo mara nyingi huwa dalili ya maambukizi ya njia ya mkojo, ukosefu wa maji mwilini au choo kigumu, na mhudumu asiyelijua hilo atalihesabu kuwa ni ugonjwa unaozidi.

Kuhusu ripoti za ukaguzi, zisomwe zote, kisha zisiaminiwe peke yake. Huku England, sehemu ya Uingereza ulipo mji wetu, kila nyumba ya wazee husajiliwa na tume ya Care Quality Commission, ambayo huikagua kwa maswali matano: je, ni salama, je, huduma inafaa, je, wahudumu wana huruma, je, inamjali kila mkazi kwa hali yake, na je, inaongozwa vizuri. Madaraja ni manne, kuanzia bora kabisa, nzuri, inayohitaji kuboreshwa, hadi isiyotosheleza. Jambo la kwanza la kutazama ni tarehe ya ripoti. Mwaka 2024 tathmini ya Dkt. Penny Dash kuhusu tume hiyo ilionyesha kwamba takriban sehemu moja kati ya tano ya maeneo yanayopaswa kukaguliwa haikuwa imewahi kupewa daraja, na nyingine zilikuwa zimekaa miaka mingi bila kurudiwa, naye waziri wa afya akakiri hadharani kwamba tume hiyo haikuwa ikitimiza kazi yake. Meneja akiwa amebadilika tangu ripoti iandikwe, mnasoma habari za nyumba nyingine. Ile iliyomwandika mama kuwa mtoro ilikuwa na daraja la "nzuri", na hii anayoishi sasa kwa raha ina daraja hilo hilo.

Tulichojifunza haraka ni saa ya kwenda. Mameneja hupenda kukaribisha wageni saa nne asubuhi, wakazi wakiwa wameogeshwa na chai inazunguka. Wagonjwa wa dimensia wengi hutaharuki kuelekea magharibi, mwanga unapofifia, na katika majira ya baridi ya huku jua linakuchwa mapema sana, kiasi cha saa kumi alasiri. Kwa hiyo tulirudi kila nyumba saa hiyo, bila miadi pale waliporuhusu. Katika nyumba moja tulikuta watu 14 sebuleni mbele ya televisheni yenye sauti kubwa na mhudumu mmoja akijaza fomu mlangoni. Mzee mmoja alimwita mkewe, kwa jina, muda wote tuliokuwa pale. Sheria ya England haitaji idadi maalumu ya wahudumu kwa kila mkazi, inasema tu wawe wa kutosha, hivyo ni lazima familia iulize idadi ya jioni, ya usiku na ya Jumapili, kisha ihesabu kwa macho yake.

Nyumba iliyokuwa na daraja la "bora kabisa" ilikuwa na saluni, chumba cha sinema na mgahawa wenye vikombe vya kauri, na dada yangu aliipenda tangu mlangoni. Nilimuuliza meneja swali ambalo kufikia wakati huo nilikuwa nikimuuliza kila mtu: mkazi akisema neno msilolielewa, mnafanyaje? Alijibu kwa upole kwamba halmashauri ina wakalimani, nao huweza kuagizwa siku chache kabla kwa ajili ya vikao vya mpango wa matunzo. Hakukosea, ila mama haombi kwenda msalani kwa miadi.

Katika nyumba tuliyoichagua, aliyetupokea alikuwa naibu meneja, mama wa Kiingereza wa makamo, mwenye viatu vilivyolika visigino. Alipolisikia swali lile alitoa daftari mfukoni akaanza kuniuliza yeye. Mama anaombaje maji? Anapoumwa anasemaje? Kuna neno analoona aibu kulitaja? Nikamweleza "uani", nikaona kalamu yake imesimama. Akaniuliza linaandikwaje. Tukakaa naye karibu saa nzima tukiandika maneno ya mama kama anavyoyasema yeye, pamoja na "kichwa chaniwanga", "tumbo lanisokota" na "mwili hauna raha", kila moja na maana yake na namna ya kulitamka kwa sauti za Kiingereza. Alitueleza jambo ambalo daktari wetu alikuwa amelidokeza tu, kwamba katika dimensia lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea. Mama alifika nchi hii mwaka 1999, akapika katika shule ya msingi kwa miaka 12, na Kiingereza chake cha jikoni kilikuwa kikitutosha kujivunia. Sasa kimebaki "thank you" na "careful, hot". Siku mama alipohamia, kwenye mlango wa choo kilicho karibu na chumba chake tulikuta kibandiko cha herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi ya njano: UANI. Mama alisoma shule ya msingi tu, lakini kusoma hakujamtoka.

Mambo ya dini na mwili nayo yalizungumzwa kabla ya kutia saini, si baada ya ugomvi wa kwanza. Mama huogeshwa na wanawake tu. Kopo la maji limewekwa msalani. Katika nyumba ya kwanza alizuiwa kumwaga maji kwenye sakafu kwa hofu ya kuteleza, ilhali alikuwa akitawadha. Hapa wameweka mkeka wa mpira na kiti kifupi, naye hutia udhu ameketi. Nyama ya halali hununuliwa na kupikwa kwa sufuria yake. Alipoanza kukataa chakula mezani, mhudumu mmoja Mkenya aligundua kwamba kisichotakiwa ni uma, akamletea maji ya kunawa na bakuli, na mama akala wali kwa mkono hadi ukaisha. Uzito wake, uliokuwa umepungua kwa kilo sita, umerudi kilo nne.

Sehemu ya fedha inahitaji uvumilivu. Kwanza mjue tofauti ya nyumba ya kawaida ya matunzo, ambayo haina muuguzi wa zamu, na ile yenye wauguzi saa zote, ambayo ni ghali zaidi. Mtu mwenye vidonda au anayelishwa kwa mpira huenda asipokelewe katika ile ya kwanza, na kuhamishwa tena humvuruga sana mgonjwa wa dimensia. Huku England mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, aliye chini ya pauni 14,250 haguswi akiba yake ingawa pensheni yake karibu yote huchukuliwa, na viwango hivi havijabadilika tangu mwaka 2010. Mpango wa kuweka ukomo wa pauni 86,000 kwa gharama za matunzo za maisha yote ulifutwa na serikali mwezi Julai 2024, hivyo msitegemee makala za zamani zinazoutaja. Nyumba ya mgonjwa haihesabiwi iwapo mume au mke wake, au jamaa aliyefikia miaka 60, bado anaishi humo. Kwetu halmashauri inalipa sehemu kubwa, nasi watoto tunaongeza tofauti kila wiki, kwa sababu tuliipita bei waliyoikubali. Lakini kisheria wanapaswa kuwaonyesha angalau sehemu moja isiyodai nyongeza, na ni haki yenu kuidai. Aliyemleta mzazi wake kwa viza ya mzazi tegemezi, au ambaye kibali cha mzazi wake kinamnyima misaada ya umma, apate ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuzungumza na halmashauri.

Milango ya nyumba hii ina namba za siri. Kumzuia mtu asitoke, hata kwa usalama wake, ni kumnyima uhuru, na chini ya Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 halmashauri inapaswa kutuma watathmini na kutoa idhini isiyozidi miezi 12, huku ndugu au rafiki akiteuliwa kuwa mwakilishi. Mwakilishi wa mama ni mimi. Tulichelewa kumwandikisha hati nyingine, ile inayompa ndugu mamlaka ya kuamua kwa niaba yake katika mambo ya afya, kwa kuwa hati hiyo hutiwa saini mtu akiwa bado na uwezo wa kuamua. Ile ya fedha tu ndiyo tuliyowahi, na pengo hilo linatusumbua mpaka leo.

Kasoro za nyumba zipo. Dobi amepoteza kanga mbili na ya tatu akairudisha imechujuka, na nilimkuta bibi mwingine, Mwairishi, amejifunika moja yao magotini. Jumamosi na Jumapili hakuna shughuli yoyote ya maana. Wahudumu wanabadilika mno: kati ya wale wanne waliojifunza maneno ya mama mwanzoni, wawili wameondoka, na tangu Julai 2025 serikali imefunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje, jambo ambalo meneja analiona kila anapopanga zamu. Tumeomba kadi ya maneno iwe sehemu ya mafunzo ya kila mwajiriwa mpya anayepangwa ghorofa ya mama, na wamekubali kwa maandishi.

Mama mkubwa alipiga simu kutoka Unguja na kusema tumemtupa mdogo wake. Kwake nyumba ya wazee ni Sebleni au Welezo, mahali pa asiye na mtu. Sikubishana naye. Nilipokuwa kwa mama jioni iliyofuata nilimpigia mama mkubwa kwa video. Mama alikuwa mezani anakunja vitambaa vya kupangusia mikono, pembe kwa pembe kama doti ya kanga, na mhudumu aliyepita nyuma yake akamwambia "shikamoo, bibi" kwa lafudhi ya Kipoland. Mama akaitika marahaba bila kuinua macho, akaendelea kukunja. Mama mkubwa akauliza ni nani yule, kisha akaomba simu isogezwe karibu amwone vizuri.