Kolibri kwa shule za visiwani Tanga: uzoefu wangu

Kwa shule za visiwani upande wa Mkinga, ambako mtandao unashika ufukweni na kupotea darasani, Kolibri naipendekeza bila kusita. Ni programu ya bure ya masomo kutoka shirika la Learning Equality, ina Kiswahili, na ikishajazwa masomo haili bando. Mimi naiendesha kwenye Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo, hapa naiita Pi) yenye kadi ya kumbukumbu ya GB 128, na masomo yanafunguliwa kwa Wi-Fi ya ruta.

Masomo pakua ukiwa mjini. Video ndizo zinazojaza kadi, kwa hiyo usivute chaneli (fungu la masomo) nzima, chagua mada. Hisabati ya Khan Academy kwa Kiswahili na Ubongo Kids zinawafaa sana watoto wa msingi, ila hazifuati mpangilio wa muhtasari wetu. Mwalimu aunde darasa na kuweka somo la wiki, la sivyo watoto wataishia kwenye katuni.

Kinachoua mitambo hii ni umeme. Pi 4 inataka volti 5, ampea 3. Ukiipa chaja ya simu ya kawaida, inajizima ghafla wakati inaandika, kadi inaharibika, unaanza upya. Pi na ruta hula kama wati 12, yaani wati-saa (Wh) 72 kwa saa 6. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 20, ambayo Ngamiani, Tanga mjini, utaipata, ina Wh 240, lakini usivuke nusu, itakufa mapema. Paneli ya wati 50 inatosha kukiwa na jua. Wakati wa masika punguza saa za darasa. Jioni izime Pi kwa amri, na usichomoe waya kabla taa ya kijani haijaacha kupepesa.

Halafu chumvi. Kusi ikivuma, tundu la chaji linaota kutu ya kijani. Boksi la plastiki lenye mpira linasaidia, ila liwe kivulini na ndani kuwe na kipoza joto cha aluminiamu. Pi ikifika nyuzi 80 inajipunguzia kasi na video zinakwama.

Pi 4 haitunzi saa ikizimwa. Bila intaneti inawaka na tarehe ya zamani, ripoti za wanafunzi zinavurugika. Funga moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya kidonge.

Na vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu: vikiona Wi-Fi haina intaneti, vinarukia data ya laini na ukurasa haufunguki. Zima data kwanza.