Uchambuzi wa Filamu: Unrelated, Upweke Katikati ya Watu

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana. Leo nina filamu ya Uingereza ambayo haina bunduki wala mauaji, na muziki wa kukuelekeza hapa ucheke, pale ulie, huo nao usiutegemee. Inaitwa Unrelated, imeandikwa na kuongozwa na Joanna Hogg, na ilitoka mwaka 2007. Nimekuwa nikitamani kuizungumzia kwa muda mrefu, kwa sababu filamu zinazomtazama mwanamke wa makamo kwa uangalifu kiasi hiki ni chache mno.

Kisa chenyewe ni kifupi. Anna, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anafika Toscana, Italia, akiburuta sanduku lake gizani. Rafiki yake wa tangu shuleni, Verena, amekodi jumba la shambani pamoja na familia na jamaa kwa ajili ya mapumziko ya kiangazi. Anna alitarajiwa kuja na mwenzi wake, Alex, lakini amekuja peke yake. Huyo Alex hatumwoni. Tunamsikia Anna tu, akiongea naye kwa simu huko nje mbali na wenzake, na mazungumzo hayaendi vizuri.

Ndani ya jumba kuna makundi mawili. Wapo watu wazima, wanywa mvinyo, wenye mazungumzo yao ya miaka nenda rudi. Na wapo vijana, ambao kazi yao ni kuogelea, kuvuta bangi na kurandaranda na gari. Anna kwa umri ni wa kundi la kwanza, lakini anajisogeza kwa vijana, hasa kwa kijana mmoja anayeitwa Oakley. Oakley ameigizwa na Tom Hiddleston. Ndiyo, yule yule Loki wa filamu za Marvel. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema, na tayari unaona alivyo na mvuto wa kumfanya mtu ajidanganye.

Sasa, kuanzia hapa nitafichua mengi. Anayetaka kuiona akiwa hajui lolote asimamishe video, arudi baadaye.

Ninachokipenda zaidi ni mahali Hogg anapoiweka kamera. Anaiweka mbali, anaiacha palepale. Watu wanakula, wanakatizana maneno, mmoja anainuka, mwingine anacheka kitu ambacho sisi hatukukisikia, na Anna yuko pembeni ya meza akitabasamu nusu sekunde baada ya wengine. Hakuna anayemtendea vibaya. Wote wanamkaribisha, wanammiminia mvinyo, na bado hana pa kushika. Ule ndio upweke filamu hii inaoujua: wa mtu aliyezungukwa na watu wema.

Usiku mmoja anapata ujasiri, anamwonyesha Oakley kwamba aje chumbani kwake. Oakley anakataa. Hakuna dharau wala kelele, anakataa kwa adabu tu na kuondoka. Kathryn Worth, aliyeigiza Anna, hasemi neno linalofaa kunukuliwa hapo, lakini tazameni uso wake. Kwangu mimi sehemu hiyo inatosha kumpa heshima yote.

Halafu kuna suala la gari. Vijana wameligonga gari la kuazima na wanaficha. Anna anaijua siri hiyo, na baada ya kukataliwa anamweleza Verena. Kuanzia hapo vijana hawamtaki tena, na kwa wakubwa nako hakuna anayemshukuru. Baba yake Oakley, George, anamgombeza mwanawe ugomvi mkubwa kabisa, na sisi hatuonyeshwi hata sura zao! Tunabaki nje kwenye bwawa la kuogelea na wengine, sauti zinatoka ndani ya nyumba, kila mtu hajui atazame wapi. Nimeona filamu nyingi zenye ugomvi wa baba na mwana, na sikumbuki nyingine iliyonibana kifua namna hii.

Anna anaondoka, anakwenda kulala kwingine. Verena anamfuata, na hapo ndipo ukweli unatoka. Anna alidhani amepata mimba. Kumbe ni hedhi iliyokuwa inakoma, mapema kuliko alivyotegemea. Hatazaa. Likizo nzima amekuwa akibeba jambo hilo kimya, akiwatazama watoto wa wenzake wanavyokuwa watu wazima mbele ya macho yake.

Jamani, sisi tunamjua huyu mtu. Ni dada au shangazi anayekuja nyumbani Krismasi au Idi, akae na wanawake wa rika lake, mazungumzo yote yakiwa ada za shule na mtoto wa nani kafaulu. Anasikiliza, anaitikia, kisha utamkuta nje akicheza na wadogo. Tunasema anapenda watoto sana. Hatumwulizi zaidi, au tunamwuliza vibaya.

Hogg alizaliwa mwaka 1960 na alifanya kazi ya televisheni kwa miaka mingi kabla ya filamu hii, ambayo ndiyo yake ya kwanza ndefu. Alikaribia kuwa rika moja na Anna alipoitengeneza, na naamini hilo linaonekana. Katika tamasha la filamu la London mwaka huo alipewa tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI.

Udhaifu upo. Waitalia wenyewe karibu hawapo, kana kwamba nchi ile ni pazia la nyuma ya Waingereza wenye pesa. Na mwanzoni utahangaika kujua nani ni mtoto wa nani. Vumilia, inajipanga yenyewe.

Ombi langu moja: usiitafute iliyotafsiriwa na DJ juu ya sauti. Nawaheshimu sana ma-DJ wetu, ila humu ukimya unafanya kazi kubwa kuliko maneno. Iangalie na sauti yake ya asili, usiku, simu ukiwa umeiweka mbali. Mimi naipa tisa kwa kumi. Ukiipenda, endelea na Archipelago ya 2010, ya mwongozaji huyo huyo, Hiddleston akiwemo tena.

Na ukishaiona, niandikie hapo chini: Anna alifanya sawa kuisema siri ya gari? Mimi nasema alifanya sawa, ingawa sababu iliyomsukuma haikuwa safi. Nataka kusikia wenzangu mnasemaje.