Uchambuzi wa Albamu: Rust Never Sleeps ya Neil Young

Watazamaji wapenzi, santuri niliyoishika mbele yenu ni Rust Never Sleeps (yaani “Kutu Hailali”), ambayo Neil Young, mtunzi na mwimbaji kutoka Kanada, aliitoa mwaka 1979 pamoja na bendi yake ya Crazy Horse. Ina nyimbo 9 tu na haifiki dakika 40, lakini mnunuzi anapata karibu albamu mbili, kwa kuwa upande wa kwanza umetawaliwa na gitaa kavu na harmonika, na upande wa pili bendi inaingia na magitaa ya umeme.

Kabla ya yote, sikilizeni wimbo wa kwanza kisha mruke hadi wa mwisho. Ni wimbo uleule, uliobadilishwa maneno machache. Mwanzoni kila uzi unasikika peke yake, na ile sauti nyembamba ya Young inayopitia puani haina pa kujificha. Mwishoni gitaa linanguruma kwa mkwaruzo mzito hata noti za chini zinapasuka kabla hazijaisha, huku ngoma za Ralph Molina wa Crazy Horse zikipigwa bila haraka yoyote. Young anamtaja Johnny Rotten, aliyekuwa mwimbaji wa Sex Pistols, bendi ya panki, yaani roki ya kasi na ya ukali, na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe: mwanamuziki aliyekuwa ameshavuka miaka 30 anajiuliza, mbele ya vijana wa panki, kama naye ameanza kushika kutu. Upande wa kwanza swali hilo ni huzuni. Upande wa pili limekuwa tishio.

Sehemu kubwa ilirekodiwa jukwaani, kisha kelele za mashabiki zikapunguzwa mno, ndiyo maana sauti ina uhai wa onyesho bila makofi ya kuchosha.

Powderfinger, unaofungua upande wa pili, ndio bora kuliko zote kwa maoni yangu. Kijana wa miaka 22 anaona mashua yenye bunduki ikipanda mto, anachukua silaha ya baba yake, na polepole tunatambua kwamba anayetusimulia ameshakufa. Vita ni vya nani, hatuambiwi. Welfare Mothers, kwa upande wake, ni makelele yanayojirudia, nami huuruka.

Wenye shaka na sauti yake waanze na Thrasher, wimbo wa pili: ikiwaudhi hadi ubeti wa tatu, wasinunue.