Duka la Bude: mchele, mafuta na daftari la madeni katika kijiji cha michikichi, Riau

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilikaa wiki tano katika kijiji kimoja cha wakulima wa michikichi wilayani Siak, jimbo la Riau, kisiwani Sumatra nchini Indonesia, na kwa muda wote huo sabuni, mchele, vocha za simu na kifungua kinywa changu vilitoka katika duka moja la mbao lililo kwenye njia panda ya kwenda mashambani. Duka hilo halina kibao chenye jina. Kila mtu husema tu kwamba anakwenda kwa Bude, neno ambalo Wajava humwitia mama mkubwa, na mwenye duka, mama wa makamo ambaye wazazi wake waliletwa hapa kutoka Java ya Kati, huliitikia hata linapotamkwa na wanaomzidi umri. Kwetu Tanzania tungesema ni duka la Mangi, yaani duka dogo la mtaani. Ninaliandikia tathmini ndefu kuliko kawaida kwa sababu sijawahi kuona mahali pengine ambapo mtu akisimama mbele ya kaunta kwa nusu saa anaweza kuelewa kijiji kizima kinavyopata fedha na kinavyozipoteza.

Kijiji chenyewe kilianza kama SP, kifupi cha maneno yenye maana ya kitengo cha makazi, chini ya mpango wa PIR-Trans ambao serikali ya Rais Soeharto iliuanzisha mwaka 1986. Kampuni ilipewa shamba kuu na kujenga kinu, na familia zilizohamishwa kutoka Java zikapewa, pembezoni mwa shamba hilo, hekta 2 za michikichi kila moja pamoja na nusu hekta ya nyumba na bustani. Ndiyo maana nyumba zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na ndiyo maana Bude hamtambui mteja kwa ukoo wake bali kwa namba ya mstari anakoishi.

Duka hufunguliwa mara tu baada ya sala ya alfajiri, kwa kuwa wavunaji hutaka kuwa shambani kabla jua halijawa kali. Saa kumi na mbili meza ya mbele huwa imejaa vitafunio vya kukaanga, yaani ndizi, mihogo na tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, pamoja na wali uliofungwa katika karatasi ya kahawia ukiwa na mboga za majani zilizochemshwa na kumwagiwa mchuzi mzito wa karanga na pilipili. Wali huo niliununua kwa rupia 10,000 karibu kila asubuhi na sikuuchoka. Kahawa hutengenezwa kwa kumimina maji ya moto juu ya unga wake ndani ya glasi, kisha glasi hufunikwa kwa kifuniko cha bati hadi masimbi yatulie, na wavunaji huinywa taratibu wakinoa mundu zao kwenye jiwe lililowekwa makusudi kando ya benchi. Ndani kuna Indomie za kila ladha, samaki wa chumvi, mabuti ya mpira, glavu, mitungi ya gesi ya kilo 3 yenye rangi ya kijani, na vipakiti vya shampuu vilivyoning'inizwa darini mithili ya shanga. Nje kuna petroli iliyopangwa katika chupa za kioo za lita moja. Bidhaa ni safi, na mchele nilioupima tena nyumbani haukupungua hata mara moja.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote kilikuwa rafu ya mafuta ya kupikia. Mimi ni mtu wa Kigoma. Nimekulia katika nyumba ambayo mama alichemsha chikichi katika pipa, akazikamua kwa mashine ya mkono, na mawese yakauzwa sokoni yakiwa bado na joto, huku mise, yaani kokwa za chikichi, zikikusanywa pembeni kwa kazi nyingine. Mkulima wa kwetu anaweza kuwa maskini, lakini hakosi mafuta ya mti wake mwenyewe. Katika kijiji hiki, ambako magari hupita mchana kutwa yakiwa yamejaza mikungu ya chikichi, hakuna nyumba hata moja niliyoikuta ikikamua. Mkungu ukikatwa unapaswa kufika kinuni ndani ya saa 24 ili mafuta yake yasichachuke, kinu hutoa mafuta ghafi, mafuta ghafi huenda kwenye viwanda vya kusafisha, na mwishowe hurudi kwenye rafu ya Bude yakiwa ya manjano na maangavu, ndani ya mfuko wa plastiki wa lita moja, kwa bei iliyoamuliwa Jakarta. Nilimweleza Bude jinsi tunavyopika maharage kwa mawese mekundu. Aliokota chikichi moja iliyodondoka mlangoni, akaichana kwa kisu cha kukatia tempe na kunionyesha nyama nono na kokwa jembamba la mbegu chotara ambayo wengi wetu Kigoma tunaitamani badala ya ile ya zamani yenye kokwa nene. Aliniambia kwamba ameishi katikati ya miti hii tangu wazazi wake walipoletwa hapa na hajawahi kuonja mafuta yake kabla hayajasafishwa. Mti huo ulitoka Afrika. Miche minne iliyopandwa katika bustani ya mimea ya Bogor mwaka 1848 ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya michikichi ya Sumatra.

Huduma kuu ya duka hili, hata hivyo, ni mkopo. Chini ya kaunta kuna daftari la shule lenye picha ya katuni kwenye jalada, na kila familia ina ukurasa wake: tarehe, bidhaa, kiasi, na mwisho neno *lunas*, yaani deni limekwisha, ambalo Bude huliandika kwa kalamu nyekundu na kulipigia mstari kwa rula. Hatozi riba. Bei ya anayekopa ni ileile ya anayelipa taslimu, jambo nililolihakiki mwenyewe kwa kulinganisha ukurasa wangu na risiti za siku nilizolipa papo hapo. Michikichi huvunwa kila baada ya siku 10 hadi 14, lakini ushirika wa kijiji huwalipa wanachama mara moja tu kwa mwezi, na katikati ya malipo hayo kuna ada za shule, mbolea, msiba na harusi. Bila daftari hilo nyumba nyingi zingelala na njaa katika wiki ya tatu ya kila mwezi.

Wateja wa muda mrefu hulizungumzia daftari la mwaka 2022 kama watu wanaokumbuka mafuriko. Mwanzoni mwa mwaka huo serikali iliweka kikomo cha rupia 14,000 kwa lita ya mafuta ya kupikia, na mafuta yakatoweka madukani. Kikomo kilipoondolewa katikati ya Machi kwa mafuta ya mifuko, yalirudi yakiwa ghali kupita kiasi. Kisha, kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei, Rais Joko Widodo alipiga marufuku usafirishaji wa mafuta ya mawese nje ya nchi ili kushusha bei ya ndani. Matangi ya vinu yakajaa, vinu vikaanza kuwarudisha wauzaji getini, na kilo ya chikichi iliyokuwa imevuka rupia 3,000 ikaporomoka, ikiendelea kushuka hata baada ya katazo kuondolewa, hadi wakulima wengi wasio na mkataba wakawa wanapokea takriban rupia 1,000 katikati ya mwaka. Mbolea nayo ilikuwa imepanda. Bude alinionyesha kurasa za miezi ile. Katika ukurasa mmoja kulikuwa na majuma saba mfululizo ya mchele, chumvi na mayai mawili mawili, bila sigara wala kahawa wala kitu chochote cha starehe, na neno jekundu halikuonekana hadi karibu na mwisho wa mwaka. Aliniambia kwamba wauzaji wa jumla wa Pekanbaru, mji mkuu wa Riau, hawakumpa yeye muda kama alioutoa kwa wateja wake, na kwamba aliuza pete mbili za dhahabu ili rafu zisibaki tupu. Hilo peke yake linatosha kulipa duka hili heshima ambayo maduka makubwa yenye viyoyozi hayawezi kuidai.

Lakini ni lazima niandike pia upande wa pili, kwa sababu nimeufikiria sana. Mume wa Bude ni *toke*, yaani mlanguzi wa chikichi, mwenye mizani nyuma ya duka na gari dogo la mizigo. Hulipa taslimu siku hiyohiyo, jambo ambalo ushirika haufanyi, na mvua ya Novemba inapogeuza barabara ya udongo mwekundu kuwa tope, gari lake hufika mahali ambapo malori ya ushirika hayathubutu kuingia. Ni huduma ya kweli. Tatizo ni kwamba mwenye ukurasa mrefu katika daftari la mke huona haya kupeleka mikungu yake kwingine badala ya kwa mume. Sikumsikia mtu akilazimishwa. Aibu ndiyo iliyofanya kazi yote. Siku niliyouliza, bei ya toke ilikuwa chini ya bei ya ushirika kwa takriban rupia 300 kwa kilo, na juu ya hapo hukatwa asilimia kadhaa kwa madai ya maji na mikungu mibichi. Familia inayovuna tani 3 kwa mwezi kutoka hekta zake 2, kiasi ambacho kwa miti yenye umri mzuri si cha ajabu, huacha rupia 900,000 mikononi mwa mnunuzi kila mwezi. Mkopo usio na riba, kwa hesabu hiyo, unalipiwa riba mlango wa nyuma, na wanaolipia zaidi ni wale waliokuwa na shida zaidi. Nilimwambia Bude hivyo, kwa adabu na kwa uwazi. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba gari nalo lina deni benki.

Jambo hili litakuwa zito zaidi miaka ijayo. Miti iliyopandwa miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 imezeeka na kurefuka kiasi kwamba mvunaji hufunga mundu kwenye upondo wa alumini unaopita urefu wa nyumba, akikata huku shingo ameikunja nyuma mpaka jasho linamwingia machoni. Serikali ina mfuko wa kupanda upya unaotokana na tozo za mauzo ya nje, ambao wakati nilipokuwa huko ulitoa rupia milioni 30 kwa hekta, na tangu 2024 umepandishwa hadi milioni 60. Fedha hizo ni za kung'oa, kusawazisha na kupanda; miche huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa, na katika kipindi hicho familia huishi kwa vibarua, kwa mahindi na matikiti yaliyopandwa katikati ya mistari, na kwa daftari la Bude. Nilipotoka huko, tayari kurasa nne zilikuwa zimewekewa alama ya mche mdogo pembeni. Alama hiyo humkumbusha mwenye duka kwamba nyumba hiyo haitakuwa na mavuno kwa muda mrefu na haipaswi kudaiwa mbele ya watu.

Kuna kasoro moja ambayo siwezi kuisamehe, nayo ni madumu ya dawa ya kuua magugu yaliyowekwa sakafuni, hatua mbili kutoka magunia ya mchele, moja likiwa na mfuniko uliopasuka na kuzibwa kwa kipande cha plastiki. Wanawake wanaonyunyizia dawa hiyo mashambani, wengi wao wakiwa na kitambaa tu puani, huinunua hapo ikiwa imemiminwa katika chupa za maji ya kunywa ambazo hazina maandishi yoyote. Nyumba zenye watoto haziwezi kuwa salama kwa chupa za namna hiyo. Nililisema jambo hili mara mbili. Siku ya pili madumu yalihamishiwa kibanda cha nje, lakini chupa zisizo na maandishi ziliendelea kuuzwa hadi siku niliyoondoka. Kasoro nyingine ni ndogo: kibandiko cha QRIS cha kulipia kwa simu kipo kwenye kaunta, ila mtandao hukatika kila mvua inaponyesha, na friji huzimwa usiku ili kubana umeme.

Ninalipa duka hili nyota nne kati ya tano. Ya tano ninaizuia kwa ajili ya zile chupa, na ningeirudisha siku ambayo dawa itauzwa ndani ya vyombo vyake vyenyewe na siku ambayo mizani ya nyuma itakuwa na ubao wa bei ya ushirika ya juma hilo, ili mwenye deni aione kabla hajashusha mikungu yake.

Anayepita huko afike kabla ya saa moja asubuhi, kwani tempe ya kukaanga huisha mapema. Abebe noti ndogo, maana chenji ya noti ya rupia 100,000 haipatikani kabla ya mchana. Siku ya Ijumaa mlango hufungwa kuanzia saa tano na nusu hadi baada ya sala, na katika siku za malipo ya ushirika kuna foleni ndefu ya watu waliokuja kulipa madeni, kila mmoja akisimama kando ya Bude hadi aone kalamu nyekundu ikishuka kwenye ukurasa wake.